Kura za Nta

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimewahi kukaa juu ya mti, mzinga umefunguka, nyuki wananila usoni, na chini simba amelala kama mbwa wa nyumbani, nami nikangoja mpaka alipoona vyema kuondoka. Nimeona lori langu la kwanza likiungua na shehena nzima ya nta katika njia ya Sikonge. Liliwaka kutwa, watu wakaja kutazama kama ngoma, na mwaka uliofuata nikanunua lori kubwa kuliko lile. Nilifika Tabora na shuka moja na panga la kuazima. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, madirisha ya vioo, na hapana mtu anayeweza kusimama akasema alinisaidia.

Shule yangu ni miaka miwili ya katekisimu kwa mapadri, na nusu ya herufi nilijifunza kwenye maandishi ya magunia. Kwa hiyo anayetaka Kiswahili cha wasomi na aishie hapa. Nataka kumwandika mtu mmoja tu, Katibu wa chama chetu cha warina asali, ambaye nilikaa naye meza moja miaka sita. Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Mwenyewe hakupenda kuulizwa. "Ukoo ni habari za watemi," alikuwa akisema. "Mimi niandike kwa kazi."

Nachoka nikimkumbuka, nasema kweli. Lakini siku hizi mji mzima ni habari za kujitawala na kupiga kura. Vijana wanapanda juu ya meza, wanapaza sauti, wanaahidiana kwamba siku Mwafrika atakapotumbukiza karatasi yake ndani ya sanduku mambo yote yatanyooka. Nawasikiliza nikiwa barazani kwangu, najisemea moyoni, hawa hawajui. Mimi najua. Mimi niliiharibu kura ya watu mia mbili na sabini na kitu, mchana, mbele ya macho yao, na hakuna kanuni hata moja niliyoivunja.

Basi Katibu. Alikuwa mrefu, mkavu, shingo imeinama kidogo upande wa kushoto kwa sababu ya mizigo. Ujanani alikuwa mpagazi, zama zile kabla ya reli, walipotoka hapa kwenda Pwani kwa miguu na pembe begani. Baadaye akajifunza kuandika, akawa karani wa huyu na yule, mpaka sisi tulipomwomba aje atuandikie. Alikaa mtaa wa Chemchem, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa. Alikuwa na baisikeli ambayo sikumwona akiipanda hata siku moja. Aliisukuma. Kitabu cha kumbukumbu za mikutano alikifunga nyuma kwa mpira, yeye akatembea kando mpaka ghalani kwetu. Nikamwuliza, "Mzee, mbona huipandi?" Akanijibu, "Nikianguka mimi si neno. Kitakachoanguka ni kitabu."

Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja, wa pili ni uzi. Ugoro alinusa tangu alfajiri, na kila akipiga chafya alisema alhamdulillahi, hata akiwa katikati ya kusoma. Na kusoma kwake ndiko kulikotumaliza. Kila mkutano alianza kwa kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, neno kwa neno, nani alisema nini na nani alimkatiza. Watu wametoka Itetemia kwa miguu, wengine wametoka mbali zaidi, wanataka kupima nta yao warudi. Siku moja mvua ilipiga bati ikawa hasikiki. Akafunga kitabu, akakaa. Tukangoja mvua ikatike, akaanza upya ukurasa ule ule.

"Katibu," mtu mmoja akalia, "tulikuwepo sote! Tumesikia!"

"Ulikuwepo, lakini ulisinzia. Nilikuona. Nimekuandika."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Siku zile ndani ya ghala letu watu walikuwa bado wanacheka.

Heshima yake ilikuwa na mpaka wake. Nje ya mkutano mimi ndiye niliyetangulia, "Shikamoo, mzee," naye, "Marahaba, mwanangu," maana alikuwa na umri wa baba yangu. Ndani ya mkutano alisimama nilipoingia, akaniita Bwana Mwenyekiti. Nikamwambia inanitia haya. Akasema hasimami kwa ajili yangu, anasimama kwa ajili ya kiti, na kiti hakina haya.

Msidhani alikuwa malaika. Katika bao alikuwa mwizi. Kete zilihama kwenye mashimo yake kama panya, na ukimkamata anasema macho yake ni mabovu. Mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alivua kofia tangu barabarani, akatetemeka kama mtoto. Na nyumbani kwake hakuna aliyepiga kura. Mkewe hakuulizwa neno, si la chumvi, si la posa ya binti. Siku moja nilimtania, "Mama, na wewe huku mnachaguana?" Akacheka bila kuinua uso kwenye ungo wake. "Huku, mwanangu, mwenyekiti alizaliwa na kiti chake."

Mezani kwa chama, lakini, alikuwa mtu mwingine. Ukimwambia jambo fulani wote wamelikubali, anauliza, "Wote ni nani? Nitajie." Na alikuwa na neno lake moja lililotukera sana sisi tuliotaka kwenda nyumbani mapema: "Mkutano usio na ubishi ni matanga."

Kura za nta alizianzisha yeye. Zamani tulichagua kwa kunyoosha mikono. Mwenye deni kwa mwenyekiti ananyoosha huku anamtazama usoni, na huo ndio uchaguzi. Katibu akasema hapana. Alijaribu mahindi, mtu mmoja akaja na mfuko mzima. Ndipo akafikiri nta. Kila mwanachama anayo, maana asiye na nta si mwenzetu. Anakuja na donge moja dogo, kama karanga, la nta yake mwenyewe. Mlangoni Katibu anamwambia, "Fungua kiganja," ahakikishe ni moja. Halafu mtu anapita nyuma ya pazia la kaniki, mle ndani mna madebe mawili, lenye kitambaa chekundu na lenye kitambaa cheupe, anatumbukiza anakotaka. Tunahesabu mchana kweupe, watu wote wanaona.

Alijivunia jambo lile kuliko wanawe. "Nta haina jina," alisema. "Haina uso, haina kabila, haijui padri wala shehe. Ikianguka ndani ya debe imekwisha." Mzungu wa ushirika alipokuja alitazama pazia, akatazama madebe, akaandika katika daftari lake, akasema vyama vingine vije kujifunza kwetu.

Nilichaguliwa mara ya kwanza kwa haki kabisa. Mwenyekiti aliyekuwepo alikuwa amezeeka, mimi nilikuwa na lori, na naijua nta kuliko mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Ujiji. Sijisifu bure. Nimeinunua miaka ishirini. Nipe kipande nikivunje, nitazame palipovunjika, ninuse, nitakwambia kimetoka wapi. Nta ya Sikonge wanaichuja kwa kitambaa, ni ya manjano safi. Ya Itetemia wanachuja kwa gunia, ina machicha. Anayechemsha katika chungu cha chuma, nta yake inaingia weusi. Anayeunguza, inanuka moshi.

Miaka miwili ikapita, tukachagua tena. Safari hii alisimama kunipinga Maganga, mrina asali wa Itetemia, mtu wa maneno machache mwenye chungu cha chuma alichorithi kwa babu yake. Nilimshinda, lakini watu tisini na wawili walimpa yeye. Nilitabasamu, nikampa mkono. Jioni ile, kabla jua halijazama, nilichukua madebe nikayeyushe nta ya kura, maana ni mali ya chama, haitupwi. Nikakaa nayo ghalani peke yangu.

Wallahi sikukusudia. Ni mkono tu, mkono wa kazi. Ulichukua donge kutoka debe la Maganga, ukalivunja, ukalipeleka puani. Lile lilikuwa jeusi, la Maganga mwenyewe, si ajabu. Nikachukua la pili. Linanuka mafuta ya taa. Nikaduwaa, maana palikuwa na mjane mmoja wa Itetemia aliyerithi mizinga ya mumewe, naye alichemshia nta katika debe la taa, hata alioshe vipi. Mama yule nilikuwa nimempelekea sukari alipofiwa. Nikachukua la tatu.

Nilipomaliza debe nilikuwa nimewajua watu sitini.

Sikumtishia mtu. Hapo ndipo nataka vijana wa juu ya meza wasikilize. Sikuita askari, sikumfukuza mtu chama, sikugusa pazia. Nilifanya kazi yangu tu, na kazi yangu ilikuwa kukagua nta na kuitaja daraja. Maganga akileta, naivunja, natikisa kichwa: daraja la tatu. Watu wa upande fulani, lori linachelewa kuwafikia, barabara mbovu. Mwingine anakaa mbele ya mizani mpaka jua la utosi, halafu anaambiwa aje kesho. Kila moja ni jambo dogo, na kila moja lina sababu yake.

Yule mjane alikuja mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza, "Mwenyekiti, nta yangu ina nini?"

"Inanuka taa, mama."

"Hata mwaka jana ilinuka taa. Ukainunua."

Nilimwita aliyekuwa nyuma yake. Mama akafunga mzigo wake, akajitwika, akaenda. Baadaye nikasikia ameuza mizinga ya marehemu kwa bei ya kutupa.

Watu si wajinga. Hawakujua nimejuaje, lakini walijua najua. Ikasemwa mjini na vijijini kwamba Mwenyekiti ana dawa, anaona ndani ya debe. Niliposikia sikukana. Dawa ya namna hiyo mtu akikupa bure, unaikataa ya nini? Uchaguzi wa tatu Maganga alisimama tena, akapata madonge kumi na moja.

Katibu peke yake hakuamini habari za dawa. Aliyapindua madebe akayagonga chini. Alilitoboa pazia kwa macho, akiingia nyuma yake na kutoka, akitafuta tundu. Alihama mahali pa kukaa. Alinihesabia hata hatua zangu. Na siku zote hizo nta ilikuwa ikipita mbele yake kiganja kwa kiganja, hakusikia harufu yoyote. Pua yake ilikufa siku nyingi kwa ugoro, na hata kabla ya hapo nta hakuijua. Maishani alibeba pembe na karatasi, hakuwahi kuchemsha.

Uchaguzi wa nne hakuna aliyenipinga. Tukaweka debe la ndiyo na debe la siyo. Kuhesabu hakukuchukua muda.

"Bwana Mwenyekiti," Katibu akasema, "debe la pili ni tupu."

"Naona, Katibu. Andika."

"Watu mia mbili na sabini na wanne."

"Andika, mzee wangu, watu wana njaa."

Hakuandika. Aligeuka akawatazama wanachama juu ya miwani yake. "Nimetembea na msafara wa watu mia tatu," akasema. "Tulibishana pa kulala, tukabishana pa kuchota maji, hata pa kuchimbia choo hatukukubaliana. Ninyi mmekuwa watu gani?"

Yalikuwa maneno ya kuchekesha. Zamani wangeanguka chini kwa kicheko. Safari hii niliwaona wakinitazama mimi kwanza, watu wazima wenye mvi, kuona kama mimi nacheka. Na mimi sikucheka.

Wapagazi walikuwa na desturi yao, mara nyingi alitusimulia. Kirangozi, yule anayetangulia msafara, akiipotosha njia, au tajiri akinyima posho, watu hawakupigana naye wala kumtukana. Walitua mizigo. Kila mtu anaweka mzigo wake chini, katikati ya njia, anakaa kando yake. Tajiri ana bunduki, ndiyo, lakini bunduki haibebi pembe. Msafara mzima ukitua, tajiri anashuka kwenye machela yake aje kuzungumza.

Katibu alikichukua kitabu cha kumbukumbu, hakukiweka mezani. Aliinama, na kuinama kwake kulikuwa kwa shida, akakiweka chini, mbele ya miguu yangu, akalaza kalamu juu yake. Akasimama hapo kidogo. Alikuwa anangoja, nadhani. Watu wote walitazama kile kitabu pale chini. Hapana aliyetua chochote. Basi akatoka, akaichukua baisikeli yake, haina kitu nyuma, na bado hakuipanda.

Nilimweka katibu mwingine, mpwa wa mke wangu. Kumbukumbu zake zilikuwa nusu ukurasa, na mikutano ikawa mifupi, watu wakarudi makwao mapema kama nilivyotaka siku zote.

Sasa nitasema jambo ambalo mtu wa sifa kama mimi halisemi kwa hiari. Nilichoka. Nilikuwa nimeshinda kila kitu, nikachoka kama mtu aliyelima usiku kucha shamba la jirani. Nikiingia mahali mazungumzo yanabadilika. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nikitaja bei ya Dar es Salaam vibaya, hakuna anayenisahihisha. Siku moja nikasimama mimi mwenyewe juu ya mizani ya ghala, kwa mchezo tu, nikaona nimeongezeka ratili kumi. Nikapanda tena. Nikaweka jiwe ninalolijua uzito. Mizani ilikuwa imeharibika, inaongeza. Nikamwita mpimaji.

"Tangu lini hii?"

"Tangu mvua za kwanza, Mwenyekiti."

"Mvua za kwanza! Chama kinalipia nta isiyokuwepo miezi sita, na wewe unatazama?"

"Tulijua sote," akasema, anatazama chini. "Tulidhani umetaka hivyo."

Nilikaa juu ya magunia. Kirangozi kipofu, na msafara mzima unamfuata shimoni kwa adabu.

Ndipo nikasikia Katibu amelazwa hospitali ya Kitete. Nikaenda saa ya kuwatazama wagonjwa, na chupa ya asali. Nilimkuta amekuwa mdogo kitandani, miwani iko juu ya kifua. Mkewe amekaa pembeni kwenye kibao, anapepea nzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Alivaa miwani akanitazama sana. "Umekonda. Chama kinakula vizuri, wewe unakonda." Halafu, bila kuniuliza habari za nyumbani wala za safari, akasema, "Ulifanyaje?"

"Nilifanyaje nini?"

"Mwanangu, mimi nakufa. Siendi kushitaki kwa Mzungu. Lakini madebe niliyalinda kwa macho yangu, pazia nililinunua mwenyewe, kila kiganja nilikifungua. Ulipita wapi?"

Mfukoni nilikuwa na vipande viwili vya nta, sikosi kuwa navyo. Nikamwekea mkononi. Nikamwambia, "Nusa." Akanusa kimoja, akanusa cha pili, akanirudishia macho matupu.

"Ni kitu kimoja."

"Hiki cha Sikonge. Hiki cha Maganga, chungu cha chuma. Ningeweza kukuletea cha yule mjane, kinanuka taa."

Alivishika vile vipande muda mrefu, akivigeuza, akivisogeza karibu na miwani. Nikaona anawapitisha watu wote wale mmoja mmoja mlangoni, fungua kiganja, pita, fungua kiganja, pita. Hatimaye akasema polepole, "Nta niliichagua mimi."

"Ndiyo, mzee."

"Nikalinda mlango miaka yote ile, kumbe nyumba haina ukuta wa nyuma."

Mkewe alikuwa ameacha kupepea. "Mimi ningewaambia," akasema. "Nta ya kila mtu inanuka jiko lake. Mwanamke gani hajui?"

"Na kwa nini hukusema?" Katibu akamgeukia.

"Nani aliniuliza?"

Nilitaka kucheka, nikaona Katibu hacheki. Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikainuka niage. Nilikuwa nimejisikia mwepesi kidogo, nakiri. Nilikuwa nimesema. Akanishika kanzu.

"Usiende umefurahi," akasema. "Umeniambia mimi kwa sababu siwezi kusimama. Kawaambie wanaosimama."

"Mzee, nikiwaambia hivyo watanipiga mawe."

"Huenda. Mtemi wa zamani tulimjua, alikuwa na mkuki. Mjerumani tulimjua, alikuwa na kiboko. Wewe ulikuja na madebe yangu na pazia langu. Hata mwenyewe ukajiona umechaguliwa." Akakohoa mpaka mkewe akamwinua kichwa. "Waambie, wapate kukujua siku ukija tena na jina jingine."

Nilitoka Kitete nimekasirika. Nani yeye, mwizi wa bao, kunifundisha mimi niliyejenga ghala lile kwa mikono yangu? Siku nne nilikasirika. Siku ya tano nilikwenda duka la Mhindi, nikamwambia nataka kitu kidogo, kingi, kilichofanana kiasi kwamba hata mamake asikitambue. Alinionyesha shanga, zina rangi rangi. Alinionyesha misumari, inaumiza. Mwisho akafungua sanduku la vifungo vya shati, vyeupe, mashimo manne. Nilivimwaga juu ya kaunta nikavunja kimoja, nikakinusa. Mhindi akanitazama kama mwendawazimu. Hakikunuka kitu.

Uchaguzi ulikuwa karibu. Nilisimama mbele ya watu, nikasema safari hii nta basi, kila mtu atapewa kifungo kimoja mlangoni, na Maganga nikamwomba mimi mwenyewe asimame. Alikataa. Nikamwomba mara ya pili mbele ya wote. Akasema, "Mwenyekiti, ni mtego wa namna gani huu?" Nikasema si mtego. Hapo ndipo ningewaambia sababu. Mdomo nilishaufungua. Niliziona nyuso zile, nikamtafuta yule mjane, hakuwepo, na maneno hayakutoka. Nikasema tu kwamba nta imepanda bei, isipotee bure. Mimi niliyekaa juu ya mti na simba chini. Kwa hiyo haya ninayoandika ndiyo kuwaambia. Ayasome anayeweza, amsomee asiyeweza.

Walipita mmoja mmoja nyuma ya pazia. Wengine walikaa mle ndani muda mrefu, unasikia kimya tu, halafu kifungo kinalia ndani ya debe, ti. Nta haikuwa ikilia.

Baada ya juma moja nilikwenda Chemchem. Walikuwa wamemrudisha nyumbani, amelazwa kitanda cha kamba barazani apate jua la asubuhi. Alikuwa amekwisha sikia, mji ni mdogo, lakini alitaka kusikia kwangu. Akamwambia mkewe alete daftari na kalamu. Nikataka kuandika mimi, akanikataza.

"Waliohudhuria?"

"Mia mbili na sabini na wanne."

"Maganga?"

"Mia moja na sabini na tisa."

"Wewe?"

"Tisini na tano."

Aliandika, akapuliza wino ukauke. Tisini na tano alizitazama kidogo. "Hawa tisini na tano wanakupenda kweli," akasema. "Huna haja ya kuwajua." Nikatazama barabarani, wanawake wanapita na kuni. Nikadhani tumemaliza.

"Na vifungo," akasema. "Nani alilipa?"

"Mimi."

"Chama kilipitisha?"

"Hakikupitisha."

"Basi si gharama ya chama, ni yako. Kiasi gani? Usikadirie, naandika."

Nikamwambia. Dazeni ishirini na tano, dazeni senti thelathini. Shilingi saba na senti hamsini.